Nafasi Moja Lusaka

Mama Silwimba alizikwa siku ya Jumanne, na mimi nilifika Tunduma asubuhi hiyo nikitokea Vwawa. Nilitaka kulia, maana yule mama alinilisha mwaka mzima kama mwanawe, lakini badala ya kulia nikajikuta namtafuta Atuganile. Nilimwona nyuma ya nyumba, kanga kiunoni, anapepeta mchele pamoja na wanawake wa mtaani. Kila mwenye neno alilielekeza kwake. Hata aliyeuliza chumvi iko wapi alimuuliza yeye, mgeni kutoka Ileje, akawaacha wenyeji wa nyumba. Tulikuwa hatujaonana miaka tisa. Alikuwa amenenepa kidogo, mvi zimemwanza upande mmoja, na madaraja aliyoyajenga huko Ileje yanatajwa hata kwenye vikao vyetu sisi wa Mbozi. Mimi nina miaka arobaini, nina ofisi yenye jina langu mlangoni, na hata hivyo nilisimama pale nikasikia kitu kile kile cha zamani kikiamka. Kijicho. Mwili wangu umechoka, magoti yanauma wakati wa baridi, ila hicho hakijachoka.

Mwaka ninaousimulia, sote wawili tulikuwa wahandisi kwenye mradi wa barabara na mitaro ya maji pale Tunduma, karibu na maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Tulisoma darasa moja chuoni, tukaajiriwa na mkandarasi mmoja, tukapanga vyumba viwili vilivyopakana kwa Mama Silwimba, mtaa wa Sogea. Nyumba ilikuwa haina dari. Kuta ziliishia chini ya mabati, kwa hiyo ukipiga chafya chumbani kwako, aliyeko sebuleni anakwambia pole. Ndivyo nilivyoijua Tunduma, kwa masikio: injini za malori, Kibemba cha wanawake wanaokuja kununua mchele, redio ya jirani, na sauti ya Mama Silwimba jikoni akigombana na moshi. Mchana tulirudi kula kwake. Ugali wa moto, kapenta, dagaa wa Zambia, waliokaangwa kwa nyanya, matembele, na siku za Jumapili kuku. Alitupakulia sawa, lakini mimi niliona, au nilijiaminisha naona, kwamba kijiko cha kumpakulia Atu kilikuwa kinazama zaidi.

Sitaki kujipaka rangi nzuri. Nilimwonea wivu Atu tangu chuoni, kwa sababu alikuwa anafika kwenye jibu wakati mimi bado naandika swali. Kazini nilikuwa nakesha na michoro siku tatu, yeye anasimama ukingoni mwa mtaro, anakunja uso, anasema, "Hapa maji yatarudi nyuma," na mvua ikija, maji yanarudi nyuma. Mafundi walimwita Injinia. Mimi waliniita Dada Witi. Jina langu ni Witness, na nilikuwa na cheti kile kile alichokuwa nacho yeye, lakini hakuna aliyewahi kuniita Injinia bila mimi kwanza kukasirika. Kibaya zaidi ni kwamba alinipenda. Alinigawia sweta lake wakati wa baridi ya mwezi wa sita. Alinisubiri ili tule pamoja. Ni vigumu kumchukia mtu anayekusubiri mezani, na mimi nikalifanya hilo kuwa kosa lake jingine.

Mambo ya fedha yalimwanza kama mchezo. Kila siku tulipita mpakani, pale wanaposimama vijana wa kubadilisha kwacha na shilingi, na Atu akaanza kuwauliza bei ya asubuhi na bei ya jioni. Wengine wangeishia hapo. Yeye alinunua karatasi za grafu, akazibandika ukutani chumbani kwake, akachora mistari: kwacha, shilingi, dola, na bei ya shaba aliyoitafuta kwenye simu. Baada ya miezi miwili vijana wa mpakani walikuwa wanamfuata yeye. "Dada Injinia, kesho itakuwaje?" Alikuwa anacheka, anawaambia yeye si mganga. Baadaye akapakua zile programu za foreksi, za kujifunzia kununua na kuuza fedha za kigeni, ambazo hazina hela ya kweli, akawa anafanya mazoezi wakati wa mapumziko ya chakula, ugali mkono mmoja, simu mkono mwingine, Mama Silwimba akimkemea kwamba simu haina mchuzi.

Nilimuuliza siku moja anatafuta nini huko. Akafikiri kabla ya kujibu, kama kawaida yake. "Witi, karavati ukilikosea, mvua itakwambia. Kule sokoni hakuna mvua. Unakosea, na bei inaendelea na safari kama vile hukuwepo. Nimejenga mitaro ya maji machafu miaka sita. Nataka kujua kichwa changu kinafika wapi." Nikamwambia hiyo ni kamari tu iliyovaa tai. Akasema, "Labda." Usiku huo niliipakua ile programu kwenye simu yangu.

Bwana Mulenga alikuja Jumapili moja baada ya ibada. Alikuwa shemeji yake Mama Silwimba kwa upande wa dada aliyeolewa Zambia, mtu mnene mwenye sauti ya chini, suti ya kijivu, viatu vilivyokataa vumbi la Tunduma. Alimsalimia Mama kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," kisha akatugeukia kwa Kiswahili chake cha mpakani. Alikuwa anafanya kazi Lusaka kwenye kampuni inayonunua na kuuza fedha za kigeni kwa niaba ya wafanyabiashara wakubwa. Mama, kwa kujisifia wapangaji wake, akasema, "Huyu binti yangu ana mambo hayo ukutani." Mulenga akaomba kuona. Alisimama mbele ya zile karatasi muda mrefu, mikono nyuma, akauliza maswali matatu au manne. Atu alijibu bila kuinua sauti. Kisha tukakaa mezani, na Mulenga akasema kwamba kampuni yao ilikuwa inatafuta mtu mmoja anayeijua shilingi na Kiswahili, na kwamba wanapenda wahandisi, kwa sababu mhandisi ameshazoea kuogopa kitu ambacho bado hakijaanguka. "Nafasi ni moja," akasema. Akanitazama kwa adabu, akaniita kwa heshima ya Kibemba. "Na wewe, ba Witi, unapenda hizi kazi?" Nikasema hapana, mimi ni mtu wa zege.

Baada ya chakula nilienda kujilaza. Atu alikuwa ametoka kwenda kwaya. Juu ya ukuta zikanifikia sauti za jikoni, za Mama na Mulenga, na nikasikia Mama akiuliza, "Na yule mwingine?" Mulenga akasema, "Yule ni mzuri. Mpe njia, ataifuata mpaka mwisho. Huyu wa karatasi anaitafuta mwenyewe." Mama akaguna. "Witi wangu ni mchapakazi," akasema, na huruma iliyokuwa kwenye sauti yake iliniuma kuliko maneno ya Mulenga. Niliyatazama mabati. Nakumbuka msumari mmoja ulikuwa umepinda, na fundi aliyeupiga hakujali kuung'oa. Mpaka leo nikisikia mtu anaitwa mchapakazi mbele yangu, namwonea huruma.

Wiki zilizofuata Atu alipima jambo lile kama alivyopima kila kitu. Kazi ya barabara ilikuwa na uhakika, na fununu zilikuwepo kwamba mhandisi mkuu wa mradi angehamishwa na mmoja wetu angeshika nafasi yake. Lusaka ilikuwa ugeni, lugha nyingine, na kazi ambayo mwisho wa siku huwezi kumwonyesha mtu kwa kidole ukasema hii nimejenga mimi. Na kulikuwa na Mwalimu Asegelile. Huyu alikuwa anafundisha sekondari huko Isongole, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa anakuja baadhi ya Jumamosi na pikipiki yake akiwa na mfuko wa parachichi. Alikuwa ameshamwambia Atu nia yake ya kumwoa. Atu aliniambia mimi peke yangu, tukiwa tunafua, kwamba atamkataa. "Ni mtu mwema, Witi. Lakini siwezi kuolewa kwa sababu mtu ni mwema. Nikienda Lusaka au nisipoenda, nitamwambia hapana." Akanisihi nisimwambie yeyote mpaka amwambie mwenyewe.

Kisha akaniuliza ushauri. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, tunamenya viazi vitamu vya kukausha matoborwa, na jua la saa kumi lilikuwa linatupiga miguuni. "Niambie ukweli," akasema. "Niende au nibaki?" Nikamwambia abaki. Nilisema kwa ufasaha, nilikuwa nimejiandaa. Nilisema taifa limetusomesha tujenge, siyo tukae mbele ya kioo cha kompyuta tukibashiri bei. Nilisema watamtumia, wakimchoka watamtupa. Nilisema nitamkumbuka. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na nikalitumia kama uongo. Macho yake yalilowa. "Asante," akasema. "Nitafikiri." Wakati huo barua yangu ya maombi ilikuwa na siku nne tangu nimtumie Bwana Mulenga.

Ilijulikana mezani, mchana wa kawaida kabisa, Atu naye akiwa ameshaamua na kutuma maombi yake. Simu ya Atu iliita, akaiweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na mchuzi. Mulenga akasema, "Atuganile, nimepata maombi yenu wote wawili, wewe na ba Witi. Nakuja Nakonde Alhamisi ijayo, mvuke mje niwapime pamoja." Mama Silwimba aliacha kutafuna. Atu akasema sawa, tutakuja, akamtakia safari njema. Kisha akaendelea kula. Nilingoja anitukane. Alipomaliza akanawa, akanitazama, akasema, "Ungeniambia, tungefanya mazoezi pamoja." Kama angenipiga kofi ningepona haraka zaidi.

Alhamisi tulivuka mpaka kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Mulenga alikuwa amekodi chumba cha kulia cha nyumba ya wageni upande wa Nakonde, meza mbili, kompyuta mbili, mapazia ya kahawia. Alitueleza kwamba kwenye kioo zitapita bei za siku moja ya zamani, zimefupishwa ziishe kwa saa tatu, na sisi tutanunua na kuuza kwa hela ya mchezo. Nilianza vizuri. Katikati bei zikaporomoka ghafla, nikaanza kufukuza nilichopoteza. Nikainua macho. Atu alikuwa ameegemea kiti, mikono mapajani, hafanyi lolote. Anangoja. Uso wake ulikuwa ule wa ukingoni mwa mtaro. Nikamchukia kwa utulivu ule, nikamchukia kwa moyo wote, nikarudi kwenye kioo changu nikakosea tena.

Tulipomaliza Atu alipitia sokoni kumnunulia Mama chikanda, mkate wa Kizambia wa mizizi na karanga. Mulenga akanisindikiza kuelekea mpakani, pole pole, kama mtu mwenye jambo. "Nitakuambia wazi," akasema. "Rafiki yako ameshinda, tena kwa mbali. Sijaona mtu wa kusubiri namna ile. Lakini tutamlipia vibali na mafunzo mwaka mzima, na wakubwa wangu wanaogopa kitu kimoja. Atakaa? Wewe unaishi naye. Je, ana mtu?"

Kulikuwa na lori limesimama mbele yetu, na dereva wake alikuwa anakunywa chai akiwa ameketi kwenye ngazi ya mlango. Nilimtazama yule dereva. Nikasema, "Ana mchumba, mwalimu. Wanafunga ndoa mwaka huu, na mchumba hataki kabisa avuke mpaka." Mulenga akapunguza mwendo. "Ah," akasema. "Ni huzuni." Kisha akauliza, "Na wewe?" Nikasema, "Mimi sina mtu."

Jumatatu ikaja simu kwamba nimechaguliwa mimi. Atu alinikumbatia. Alisema, "Kumbe hukuwa mtu wa zege tu," akacheka, na kicheko kikamkatikia njiani. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nafunga mizigo niliposikia pikipiki, kisha sauti ya Mwalimu sebuleni, kisha Atu akimkatiza kwa kusema ndiyo, kisha vigelegele vya Mama Silwimba. Nilibaki nimeshika nguo mkononi. Nilijiambia kwamba basi, sikusema uongo. Nilitangulia tu ukweli. Nilijiambia hivyo mpaka basi la Lusaka lilipoondoka.

Nilikaa Lusaka miezi saba. Ofisi ilikuwa na baridi ya mashine, watu sita, vioo viwili kila mtu, na ukimya wa watu wanaoogopa. Kazi niliiweza kiasi. Nilifuata njia nilizopewa. Lakini kila Mama Silwimba aliponipigia simu, habari zilikuwa Atu amefanywa mhandisi mkuu, Atu ameyashinda maji ya mtaro wa chini, Atu amesimamishwa kanisani apongezwe kwa ajili ya barabara, Atu ameolewa na watu wamejaa mpaka nje. Nilikaa kwenye kiti alichopaswa kukaa yeye, nikamwonea wivu kwa matope aliyosimama ndani yake. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sikuwahi kuitaka kazi ile. Nilitaka kile alichokitaka Atu, na alipokikosa, kikaacha kuwa na ladha. Niliandika barua ya kuacha kazi mvua zilipoanza. Niliporudi Tunduma, Atu alikuwa ameshahamia Ileje na mumewe, na mimi nikashukuru kwamba sitamwona usoni. Nikapata kazi Vwawa. Tukawa watu wa kutumiana salamu za Krismasi.

Haya yote nilikuja nayo msibani. Baada ya maziko tuliinama wawili nyuma ya nyumba, tunasugua masufuria kwa majivu, na wanawake wengine walikuwa wameingia ndani kuimba. Sijui kwa nini siku ile. Pengine kwa sababu aliyetupakulia sote wawili alikuwa ameshafunikwa udongo. Nikasema, "Atu, jaribio la Nakonde ulishinda wewe."

Aliendelea kusugua. "Nani kasema?"

"Mulenga. Siku ile ile, wewe ukiwa sokoni. Alisema kwa mbali." Nikamweleza yote, swali la Mulenga na jibu langu. Sikupunguza kitu. Alipoacha kusugua niliona mikono yake, majivu mpaka viwikoni, imetulia juu ya sufuria.

"Ulimwambia nina mchumba," akasema.

"Ndiyo."

"Nawe ulijua namkataa."

"Nilijua."

Wimbo wa ndani uliisha, mwingine ukaanza. "Miaka tisa," Atu akasema taratibu, "nimeamini kwamba siku niliyojipima kweli, nilionekana wa kawaida. Kila daraja ninalochora nalihesabu mara nne, Witi. Mara nne. Vijana wangu wananicheka." Akavuta pumzi. "Na unajua nilimkubali Asegelile lini? Jumamosi ile. Nilikuwa nimekaa kitandani najiambia, haya, kichwa chako umeshakiona mwisho wake, tulia sasa. Akaingia na parachichi zake. Hata sikumwacha amalize kusema."

Nilimuuliza kitu nisichokuwa na haki ya kuuliza. "Unampenda?"

"Nampenda. Nina watoto naye, nimeugua akaniuguza, nitaachaje kumpenda?" Akanigeukia, na sauti yake ikawa ngumu. "Lakini yeye hajui. Yeye anawasimulia watu kwamba nilimwambia ndiyo kabla hajakaa, kwa vile moyo wangu ulikuwa tayari. Anaisimulia hiyo kila kwenye harusi. Kwa hiyo wewe hutamwambia. Hata uokoke, hata uwe unakufa na mchungaji yuko kitandani kwako, hutamwambia."

"Sitamwambia."

"Na msamaha usiniombe leo. Leo ni siku ya Mama. Siku nyingine sijui."

Nilitaka kusema kitu, lakini Mwalimu Asegelile alikuwa anakuja kutoka upande wa turubai, mrefu vile vile, kipara kimeanza, sahani mbili mkononi. "Shemeji Witi! Miaka yote hiyo, halafu nakukuta umeinamia masufuria! Wewe na mwenzako hamjala." Akatuwekea sahani juu ya ndoo iliyopinduliwa, wali, maharage, na vipande vichache vya nyama. Akatutazama kwa zamu. "Mlikuwa mnaongea nini mpaka mmenuna hivyo?"

"Hesabu za zamani," Atu akasema.

"Na nani alikuwa sahihi?"

Atu alinitazama, akangoja, na nikauona tena ule uso wa kusubiri nilioukimbia maisha yangu yote.

"Yeye," nikasema. "Mimi nilikosea."

Asegelile akacheka, akasema hilo angeweza kuniambia bila hata kuuliza. Akachutama kando ya mkewe, akachukua kipande cha nyama akamwekea kwenye sahani yake, na Atu, mikono ikiwa bado na majivu, akafungua mdomo ili mumewe amlishe.